Kipande cha Nne cha Mstari Wangu

Karani wetu wa maji amefariki. Habari nilizipata bombani Jumanne asubuhi, nimeshapanga madumu yangu mawili kwenye foleni, nimekaa juu ya moja, nasubiri kuitwa. Kiangazi hiki, kama vilivyotangulia, maji huku kwetu nje kidogo ya mji wa Singida yanatoka kwa zamu, na zamu inakwenda kwa orodha iliyochapwa. Siku hiyo orodha haikusomwa. Alikuja mama mmoja wa kamati, kitenge amekifunga kiunoni, akasema, "Jamani, leo hakuna majina. Karani ametutoka jana jioni hospitalini. Choteni kwa ustaarabu wenu." Ustaarabu wenyewe ulitosha madumu matatu tu. Wenye nguvu wakasogea mbele, mmoja akamsukuma mwenzake, mwenzake akamuuliza, "Wewe nawe, marehemu amekurithisha bomba?" Watu wakacheka, halafu wakaona aibu. Mimi nilichota wa mwisho. Nilipofika nyumbani nikayaweka madumu chini, nikabaki nimesimama jikoni muda mrefu, kwa sababu nilikumbuka aliniahidi kitu, na ahadi yenyewe aliianza hivi: "Mimi nikiwa hai."

Wanaonisoma kwenye ukurasa huu wamezoea kwamba sitaji jina la mtu. Wengine hudhani ni uzee, nimesahau. Hapana. Shule niliishia darasa la nne, hesabu zilinipiga chenga, lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Nawajua waliokaa dawati moja na mimi, na baba zao, na mbwa wa baba zao. Siyaandiki kwa sababu nikiandika moja nitaonekana nimeyaacha mengine, na wenye hayo mengine wengi hawapo tena wa kunilalamikia. Kwa hiyo na karani naye atabaki karani. Hakuwa mzee, hakuwa kijana. Umri wake ni kama wa mwanangu. Kwao ni Ihanja. Huku alipanga chumba kimoja nyuma ya duka, mke na watoto wakiwa mkoa mwingine kwa kazi ya mke, na chakula alikula kwa mama lishe, peke yake, uso ameuelekeza ukutani. Niliwahi kumwambia, "Baba, geuka basi uone watu." Akasema, "Nawaona siku nzima kwenye orodha, bibi."

Tulijuana miaka michache nyuma, siku alipopita nyumba kwa nyumba kuandikisha watumia maji. Alikaa kwenye kigoda changu, kompyuta yake ndogo mapajani, akaniamkia, nikaitikia, akaanza. Jina. La baba. Kitongoji. Halafu akasema, "Sasa nitajie majina yote ambayo watu huwa wanakuita. Huku kwetu ukimwita mama mtu mzima kwa jina la kwenye cheti hageuki." Alisema kweli. Nenda bombani uite jina nililobatiziwa, nami mwenyewe nitaangalia nyuma nione anaitwa nani. Sisi tunaitwa kwa watoto. Ukishazaa, jina lako linawekwa kabatini kama nguo ya harusi. Basi nikafungua mdomo kumtajia mama wa nani, nikijua nitataja jina la mwanangu wa kiume ambaye yuko Geita, ambalo mtaa mzima unaniitia. Lakini lililotoka kwanza halikuwa hilo.

Lilitoka jina la binti yangu. Huyo ndiye niliyemzaa mwanzo, kule Sekenke, mume wangu alipokuwa anachimba dhahabu kwa sururu na matumaini. Aliishi mwaka na miezi, akaanza kutembea akishika ukuta, homa ikamchukua kwa siku mbili. Cheti hakuwa nacho, kadi ya kliniki ilizikwa naye kwa kuwa ilikuwa ndani ya kanga tuliyomfungia, hakuna aliyekumbuka kuitoa. Nilipojifungua wa pili, wakwe zangu wakaamua kuanzia siku ile niitwe kwa huyo wa pili, wakasema lile la kwanza linarudisha machozi. Walinipenda, siwalaumu. Baadaye tukahamia huku, ambako mimi Mnyiramba nilikuja kukaa kati ya Wanyaturu, na hakuna aliyejua kama kuna jina lingine. Mume wangu alipofariki, likabaki kwangu peke yangu. Na siku ile likamtokea karani. Hakuuliza kitu. Aliandika tu, akasubiri, nikataja na la pili, akaandika.

Sasa niwaeleze alivyoandika, maana ndipo mambo yote yalipo. Mashine yake ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha maelezo ya mtu. Kimoja. Hivyo yote niliyosema aliyapanga humo kwa mstari mmoja mrefu, na kati ya neno na neno akaweka mkwaju, kale kafimbo kalikolala upande. Jina langu, mkwaju, jina la baba, mkwaju, kitongoji, mkwaju, mama wa binti, mkwaju, mama wa mwanangu. Mtu mwingine alikuwa na vipande vinne, mwingine vitano, kutegemea maisha yalivyompitisha. Ilipofika wakati wa kuchapa orodha ya kuitia watu bombani, mstari mzima haukufaa. Nani atasimama pale asome vipande vitano kwa kila dumu? Ilibidi mashine itoe kipande kimoja tu, kile ambacho mtu huitwa. Naye aliiamuru: kwa kila mtu, nipe kipande cha nne.

Kwa wanawake wengi wa huku kipande cha nne kilikuwa ndicho. Kwangu kilikuwa mtoto wangu aliyeko Sekenke chini ya ardhi. Siku orodha ilipotumika mara ya kwanza, msomaji alikuwa mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bwawa. Aliita, "Mama fulani!" Hakuna aliyetoka. Akaita tena. Watu wakaangaliana: "Huyo ni nani? Mgeni?" "Labda kahama." Nami nilikuwa pale pale, hatua tano kutoka kwake, nimekaa. Nilitaka kusimama, nikabaki nimelishika dumu langu. Zaidi ya miaka arobaini hakuna mdomo mwingine uliowahi kulitamka, na sasa linapita juu ya vichwa vya watu na kuku. Akaita mara ya tatu, akasema, "Hayupo, tuendelee." Nilirudi bila maji. Njiani sikujua kama nimetukanwa au nimepewa zawadi.

Asubuhi yake nikaenda ofisini kwake, na fimbo yangu, na hasira niliyoitafuta usiku kucha nisiipate yote. Akaniamkia. Nikamwambia, "Marahaba. Wewe jana umeniita kwa nani?" Akafungua mashine, akatazama, akashika kichwa. "Yesu wangu. Bibi, nisamehe. Nimehesabu kutoka mbele." Nikamuuliza maana yake nini. Akanisogezea kiti nikauona mstari wangu mwenyewe, wote, na mikwaju yake. Akaweka kidole kwenye kioo. "Naiambia mashine: anzia huku, hesabu mikwaju, ukifika wa tatu soma mpaka wa nne, nipe ulichosoma. Wengi wana kimoja hapo mwishoni. Wewe unavyo viwili."

"Kwa hiyo umekimega hicho ukawapa."

"Simegi, bibi. Ukimega ugali, ugali unapungua. Huu haupungui. Mashine inasoma kipande na kukirudia kwenye karatasi, mstari wenyewe unabaki mzima. Hata nikichukua mara mia, upo vile vile."

"Hata kile ambacho hukukichukua?"

"Hata hicho."

Nilikaa nalo hilo neno. Nimeishi na watu wengi ambao walichukua kipande changu wakaondoka nacho, na kilichobaki hakuna aliyekiulizia. Sikujua kama kuna mahali mtu anaweza kuchukuliwa kipande na akabaki mzima.

Akasema atarekebisha. Hatahesabu tena kutoka mbele, atahesabu kutoka nyuma: mashine ianzie mwisho wa mstari, ichukue kipande cha mwisho, kiwe cha nne au cha saba. Mtu huitwa kwa jina la mwisho kupewa, alisema, na mimi nikaona amefikiri. Wiki iliyofuata nikaitwa vizuri, kwa mwanangu, nikachota. Lakini kulikuwa na mzee mmoja wa mtaa wa pili, ambaye karani alipomwandikisha aliona asije akampoteza, akamalizia mstari wake kwa kuandika anapoishi. Ile sauti ya kuitia ng'ombe ikatangaza: "Karibu na Mashine ya Kusaga!" Akarudia: "Karibu na Mashine ya Kusaga, njoo uchote!" Mzee akasimama, akavua kofia, akasema, "Nadhani ni mimi." Watu walikaa chini kwa kucheka. Mpaka leo mzee anaitwa hivyo, na wajukuu zake wanaitwa Wajukuu wa Mashine. Karani alikuja mwenyewe siku ile kumwomba radhi, na yule mzee akamjibu, "Usihangaike, mwanangu. Angalau wewe umekosea ukiwa unanitafuta."

Siku ile alipokuwa anarekebisha, alikuwa ameniuliza jambo. Aliuliza kwa upole, macho kwenye mashine: "Bibi, hiki cha nne nikiondoe kabisa? Ili kisije kikakuumiza tena." Nilijibu haraka kuliko nilivyotaka. Nilisema acha. Nikamweleza ni nani. Mtu wa kwanza kumweleza tangu mume wangu alipofariki alikuwa karani wa maji. Nikamwambia kwamba duniani kote hakuna mahali pengine jina lile limeandikwa, si kwenye cheti, si kanisani, si kwenye jiwe, maana alama ya kaburi tuliyoweka ilikuwa mawe matatu na Sekenke mawe hayaishi. Karani aliondoa mkono kwenye mashine. Akasema, "Basi kitakaa. Mimi nikiwa hai, hakifutwi." Hatukuliongelea tena. Lakini nikipita pale ofisini nilikuwa naingia kumsalimia, naye alikuwa akinitazama anasema tu, "Upo mzima, bibi," na nilijua hasemi habari za afya yangu.

Nilikwenda Ihanja kumzika. Basi lilijaa watu wa ofisi, mimi nilipewa kiti cha mbele kwa sababu ya magoti. Msibani mama mmoja wa ukoo wao, anayegawa chai, aliniuliza vizuri tu, "Na wewe bibi ni nani kwake?" Nikaanza kuhesabu. Si ndugu. Si jirani, nyumba yangu na chumba chake viko mbali. Si mfanyakazi mwenzake. Mwishowe nikasema, "Alikuwa ananiandika." Akanipa chai. Wasifu wake ulisomwa kwa dakika chache: kuzaliwa, shule, ajira, ndoa, watoto, kuugua. Yote kweli, nami sikatai. Lakini nilikaa pale nikijiuliza hicho walichosoma ni kipande cha ngapi, na vingine viko wapi, na nani anavyo. Ofisi zote ndivyo zinavyofanya kazi, siwezi kuzilaumu. Hospitali wanataka mwaka uliozaliwa. Kwenye kura wanataka kidole. Shule wanataka namba ya mtoto. Hakuna karani mwenye muda wa mtu mzima, na foleni ni ndefu. Tofauti ya huyu wetu ni kwamba alijua anachukua kipande. Wengi wanachukua kipande wanadhani ndiye mtu.

Siku nane baada ya maziko nikaenda ofisini. Nilimkuta binti mpya, mpole, kucha zimepakwa rangi, ameletwa kushika nafasi. Kabla sijakaa akasema, "Shikamoo bibi. Umekuja kuhakiki?" Nikamuuliza kuhakiki nini. Akaniambia mfumo unabadilishwa. Ile mistari mirefu yenye mikwaju haitakiwi tena. Kila mtu anawekwa kwenye visanduku vitatu: jina, baba, na jina analojulikana nalo. Mashine inaichambua mistari, inavitoa vipande, inavipanga. Zikishahamishwa taarifa zote, orodha ya zamani inafutwa Ijumaa. Ndiyo maelekezo.

"Lakini kuchukua si kukata," nikamwambia. "Nilifundishwa hapa hapa."

"Ni kweli, bibi. Kuchukua hakukati. Ila hii si kuchukua, hii ni kuhama. Tukishahama hatuachi kitu nyuma." Akafungua mstari wangu. Akausoma kimya, midomo inacheza, akafika cha nne. "Hapa una majina mawili ya kujulikana. Kisanduku ni kimoja. Niweke lipi?"

Nikamwomba ayaweke yote mawili pamoja. Akajaribu, mbele yangu, mashine ikakataa. Akajaribu tena na herufi ndogo, ikakataa. Akaniangalia. Nadhani aliona kitu, maana akasema, "Tuchukue muda wetu, bibi." Watu wawili walikuwa wananisubiri nyuma. Nikafikiria: mwanangu ana kitambulisho, ana cheti, ana leseni, jina lake limejaa makaratasi mpaka Geita. Huyu wangu mdogo hana kitu, ana mkwaju kushoto na mkwaju kulia. Haki ilikuwa ya nani? Lakini pia nikafikiria bombani, kila zamu, sauti ikiliita jina lake kwa ajili ya dumu la maji, na watu wasiojua wakigeuka kunitafuta. Jina si kitu cha kuchotea maji.

"Weka la mwanangu," nikasema.

"Na hili? Nikuandikie kwenye karatasi uende nalo?"

Nikamwambia kuandika najua. Karatasi ningeiweka sandukuni, na siku nikifa wangeichoma pamoja na matambara. Akabonyeza. Sikuona kitu kikiondoka.

Nilipotoka nje jua lilikuwa kichwani. Sikufika nyumbani. Nilikaa kwenye msingi wa nyumba isiyokwisha kujengwa, nikampigia mwanangu. Hupokea mara chache mchana, siku hiyo alipokea. Nyuma yake kulikuwa na mashine zinanguruma.

"Mama, shikamoo. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hakuna. Karani wetu wa maji amefariki."

"Pole. Ni ndugu yetu?"

"Hapana. Sikiliza. Wewe si wa kwanza."

"Wa kwanza wa nini?"

"Kwangu. Ulitanguliwa na dada yako."

Mashine zikaendelea kunguruma. Halafu nikamsikia anamwambia mtu, "Ngoja kwanza, naongea na mama," na kelele zikapungua, akawa ametoka nje. Ana mvi sasa huyo mwanangu, ana wajukuu wawili. Maisha yake yote amekuwa mtoto wa kwanza. Akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mdogo, "Aliitwa nani?"

Nikamwambia. Akalirudia. Akalirudia tena, na mara hiyo ya pili hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anajisemea. Akaniuliza kaburi liko wapi, nikamweleza mawe matatu na upande lilipo. Akauliza kwa nini sikumwambia siku zote hizo. Nikasema nilikuwa nalikumbuka vizuri. Kisha wakamwita kazini, akasema atanipigia. Hajapiga bado, na simfuatilii. Kitu kama kile kinahitaji kukaa na mtu.

Ijumaa imepita. Orodha ya zamani haipo. Bombani naitwa kama kawaida, nasimama, nachota, narudi. Nyumba ni ile ile, sufuria moja, kikombe kimoja. Namkumbuka karani kuliko nilivyotarajia, labda kwa kuwa alikuwa mtu wa mwisho huku kunijua mzima. Alitunza ahadi yake sawasawa: alisema akiwa hai, na alipokuwa hai hakikufutwa. Mimi ndiye niliyekosea kuweka mtoto wangu kwenye pumzi za mtu mmoja, kwanza zangu, kisha za karani. Watu hunisifu kwa kukumbuka majina, nami nimejivunia hilo miaka yote, kumbe ndilo lililonifanya nisiseme. Mwenye kusahau huambia wenzake mapema, kwa hofu. Mwenye kukumbuka hudhani kuna muda. Kama nawe kuna jina unalolibeba peke yako na unajisifu kwamba hutalisahau, usijisifu. Mpe mtu mwingine leo, alitamke ukisikia.